Hija yetu ya haki inapita mlangoni kwa mama, na hakuna ajuaye ni mama yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 25. Nafanya kazi ya uhasibu katika ofisi moja Upper Hill, na nimo kwenye kikundi cha vijana cha kanisa fulani upande wa magharibi wa Nairobi. Jina la kanisa nimekuandikia kando, tafadhali usilichapishe.

Baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kupinga mswada wa fedha vijana wengi kanisani kwetu walichafukwa roho. Wengine walikuwa barabarani ile tarehe 25. Walirudi nyumbani macho yamevimba kwa gesi ya kutoa machozi, halafu Jumapili wakakuta mahubiri ni yaleyale ya fungu la kumi na baraka zilizo njiani. Kikundi nusura kisambaratike. Mchungaji wetu wa vijana, ambaye kwa kweli ni mtu mwema, ndiye aliyeleta wazo la hija. Alisema Waisraeli walipanda Yerusalemu wakiimba zaburi, na mpaka leo kuna Wakenya wanaotembea kwa miguu hadi Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya mashahidi tarehe 3 Juni. Basi na sisi tutembee mji wetu wenyewe siku tatu, tukisali, tujue haki imekanyagwa wapi na wapi.

Ijumaa tunaanzia All Saints' Cathedral na Uhuru Park, kisha uwanja wa Kamukunji. Jumamosi ni Pumwani, Eastleigh na Mathare, na usiku tunalala kwenye ukumbi wa kanisa moja hukohuko. Jumapili ni Korogocho, tunaliangalia jaa la Dandora, halafu ibada ya kufunga. Vituo vyote ni 11. Tuko watu 28, kila mmoja analipa shilingi 3,500. Mimi ndiye mweka hazina. Ratiba na bajeti nimeviambatanisha uone.

Shangazi, mimi nimezaliwa Mathare, mtaa wa mabanda, kule chini karibu na mto. Kanisani hakuna anayejua. Nilipata mfadhili nikaenda shule ya bweni kidato cha kwanza, kutoka hapo chuo, na tangu siku hizo nikiulizwa kwetu ni wapi hujibu "upande wa Thika Road". Si uongo kabisa: ukipanda ukapita hospitali ya Mathari unatokea Thika Road. Mama bado yuko palepale. Anauza chai, chapati na maharagwe, anaamka saa tisa usiku, na wateja wake wengi ni vibarua wanaotembea kwenda Industrial Area kabla jua halijatoka. Uhasibu mimi sikuanzia chuoni, nilianzia kwenye daftari lake la madeni. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliichukua nyumba tuliyokulia, akahamia juu kidogo. Namtumia pesa kwa M-Pesa na huenda kumwona mara moja kwa mwezi, usiku. Kanisani kwetu hajawahi kufika. Huniuliza tu tunaimba nyimbo gani.

Wiki mbili zilizopita watu watatu wa kamati walikwenda kukagua njia. Jioni wakatuma picha kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Picha ya nne ilikuwa ya mama. Amekaa kibandani, sufuria ya maharagwe imefunikwa kwa sinia, ameshika upawa, na amevaa ile sweta ya zambarau niliyomnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza. Chini wameandika: "Kituo cha 7. Kiamsha kinywa na mama wa mtaa. Atatushirikisha maisha ya dhiki." Watu wakaanza kuweka emoji, wengine za machozi, wengine ile mikono ya kusali.

Na mimi niliweka mikono ya kusali. Sijui ni kwa nini. Usiku ule sikula. Petro angalau aliulizwa na watu kama anamjua Yesu, mimi hakuna aliyeniuliza.

Sasa nina mawazo matatu na kila moja linanisuta. La kwanza ni kusingizia kazi nisiende. La pili ni kusema ukweli, lakini nawajua watu wetu: nitapewa maikrofoni, nitageuzwa ushuhuda, na kila mwaka nitakuwa mfano wa jinsi Mungu anavyoinua mnyonge kutoka jalalani. La tatu ni kuwaambia kwamba hija yote ni utalii wa kutazama maskini, waivunje. Rafiki yangu wa utotoni ambaye bado anaishi kule nilipomweleza alicheka sana, akauliza tiketi ya kuingia kwetu ni pesa ngapi, na kama wageni wanaruhusiwa kushuka kwenye gari.

Kikao cha mwisho cha kamati ni Jumanne ijayo. Jumatano fulana zinachapishwa, zimeandikwa Amosi 5:24: "haki kama maji makuu". Nifanyeje?

Binti wa Kituo cha 7

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ile mikono ya kusali, maana naona hiyo ndiyo inayokukosesha usingizi kuliko hija yenyewe.

Mwaka 1992 nilikuwa karani kijana katikati ya Nairobi, nimeajiriwa na serikali, nina mwaka mmoja tu kazini. Mwishoni mwa Februari akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Wangari Maathai akiwa nao, walikwenda wakakaa Uhuru Park wakagoma kula mpaka wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi wakawaingilia kwa virungu na gesi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya wale akina mama walivua nguo mbele ya askari, na unajua kwa mila zetu mama akifanya hivyo mbele ya watu wa umri wa wanawe amewalaani. Baada ya hapo wakaingia All Saints' Cathedral, ng'ambo tu ya bustani, wakakaa kwenye chumba cha chini cha kanisa karibu mwaka mzima, mpaka wengi wa wana wao wakatoka. Kona ile ya bustani ndiyo Freedom Corner mtakayosimama Ijumaa mkiimba.

Mmoja wa wale akina mama nilimfahamu, alitoka kijiji kinachopakana na chetu. Njia yangu ya kwenda kwenye basi ilikuwa inapita pale. Nikaibadilisha. Miezi mingi nilizunguka njia ya mbali ili asije akaniona, akaniita kwa jina, na mtu wa ofisini akasikia. Hakuna aliyeniuliza mimi pia. Kwa hiyo ukitafuta wa kukurushia jiwe kwa sababu ya emoji, katika safu hii hutampata.

Ila nina nyongeza moja. Mimi yule mama sikumrudia, alifariki kabla sijapata ujasiri. Wako yuko hai na wiki hii anapika.

Kwa hiyo unaanzia kwa mama, kabla ya mchungaji na kabla ya kamati. Nenda mchana, watu wakikuona. Kama huwa hamna maneno mengi kati yenu, mwoneshe tu ile picha kwenye simu, umwambie hawa ndio watu ninaosali nao. Kisha nyamaza. Usimpangie la kuhisi. Huenda akaumia, huenda akacheka, huenda akawa alijua zamani, kwa sababu wale watatu walipofika kibandani lazima walijitambulisha kanisa lao, na mama wa kukopesha mtaa mzima kwa daftari hawezi kukosa kuunganisha moja na moja. Muulize mambo matatu: alijua kwamba picha itasambazwa? Aliambiwa atalipwa kwa kile chakula? Na je, anataka wageni hao au aliitikia kwa sababu ni watu wa kanisa na mtu hakatai watu wa kanisa? Akisema hataki, Kituo cha 7 kinafutwa, na hudaiwi maelezo na mtu yeyote. Mweka hazina ana njia mia za kufuta kituo.

Swali lako la pili, kama hija nzima ni utalii. Rafiki yako wa utotoni amesema kweli kwa nusu. Nimeisoma ratiba yenu kwa makini na si mbaya. Aliyeipanga anaujua mji. Kamukunji ameiweka kwa sababu ya tarehe 7 Julai 1990, wanasiasa Matiba na Rubia walipoitisha mkutano wa kudai vyama vingi wakakamatwa kabla ya siku yenyewe, na watu wakajitokeza hivyohivyo. Hiyo ni historia ambayo wengi wa rika lenu mnaijua kama jina tu, Saba Saba. Ningependa mwanangu atembee namna hiyo kuliko akae Jumapili nzima akisikiliza kwamba umaskini ni roho chafu inayofukuzwa kwa mbegu ya shilingi elfu tano.

Lakini angalia vituo vinabadilika wapi. Ijumaa mnasimama mahali watu walipofanya jambo: waligoma, waliandamana, walilala kanisani. Ikifika Jumamosi mnapoingia Mathare, ghafla hakuna anayefanya kitu. Kuna "dhiki" tu. Kana kwamba historia inaishia Pumwani, na kuanzia Juja Road kushuka chini ni hali ya hewa.

Mathare ina historia kuliko Karen ya matajiri. Ilianza kama machimbo ya mawe. Mawe ya kujengea mji yalitoka pale, wajenzi hawakupewa pa kulala. Mwaka 1954, kwenye Operesheni Anvil, msako wa wakati wa Mau Mau, Waingereza waliwazoa watu wakapelekwa vizuizini, na Mathare ikabomolewa. Watu wakarudi wakajenga tena. Mei 2024, maji ya mafuriko hayajakauka vizuri, serikali ikasema walio ndani ya mita 30 za mto wahame, na tingatinga zikashuka. Miaka 70 kati ya ubomoaji mmoja na mwingine, na mama yako, ninavyokadiria umri wake, ameishi zaidi ya nusu ya hiyo miaka. Kuna kitu chake cha kusema zaidi ya kwamba maisha ni magumu. Na hukohuko kuna Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare, kimejaa vijana wa rika lenu, ambao kwa miaka wamekuwa wakiandika majina ya waliouawa na polisi na kuwaunganisha akina mama waliopoteza wana. Mwaka 2017 walitoa ripoti. Kwenye vituo vyenu 11 sikuwaona. Mmepanga kujifunza haki Mathare bila kuwabishia hodi wanaoidai. Hilo lilete kwenye kikao Jumanne, na halihitaji useme umezaliwa wapi.

Nikirudi kwenye dhiki. Badala ya mama kuombwa "kushirikisha", mwombe aeleze maji. Bei ya mtungi wa lita 20 siku ya kawaida, na bei siku bomba likikauka. Wewe mhasibu, wafanyie hesabu palepale: uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Mtungi ukiwa shilingi 5, uniti ni 250. Ukipanda hadi 20, uniti ni 1,000. Kisha kila mmoja aje na bili ya maji ya nyumbani kwao, asome uniti moja kwao inalipiwa ngapi. Hakuna mahubiri yatakayohitajika. Papa Francis aliposimama Kangemi, mtaa mwingine wa mabanda hapa Nairobi, tarehe 27 Novemba 2015 alisema jambo hilohilo, kwamba kuinyima familia maji kwa kisingizio chochote cha karatasi za ofisini ni dhuluma kubwa, na zaidi pale mtu anapochuma faida kutokana na kiu hiyo. Mengine aliyosema siku ile watu husahau: aliisifu hekima ya mitaa ya watu maskini. Hakuja kuwahurumia tu.

Na ukiwaza maji, sasa waza hizo fulana.

Vijana 28 wanashuka kwenye bonde la Mathare wamevaa kifuani "haki kama maji makuu". Mwanangu, maji makuu wanayajua pale. Yalikuja usiku, Aprili 2024, yakachukua watu na vitanda vyao. Yaliichukua nyumba uliyokulia. Andiko ni zuri na nabii hakukosea, alisemea nchi kavu ambapo mto uliojaa ni neema. Lakini mtu anayesoma kifua chako akiwa amepoteza mtoto kwenye mto ule hatauliza nabii alikuwa na maana gani. Chapisheni andiko lingine, au msichapishe kitu. Kwa maoni yangu msichapishe kitu, na sababu yangu ni ya mweka hazina, nikuoneshe.

Bajeti yenu ni shilingi 98,000. Fulana 18,200. Basi la kuwafuata nyuma, kwa watakaochoka, 24,000. Mpiga picha na video 20,000. Chakula 22,800, ukumbi 10,000. "Shukrani kwa jamii" 3,000. Nilirudia kusoma nikidhani sifuri moja imedondoka. Halafu nikaona kiamsha kinywa cha Kituo cha 7 hakimo kwenye hesabu ya chakula, kwa hiyo nadhani kimekusudiwa kutoka kwenye shukrani. Chukua sahani ya shilingi 100, chapati mbili, maharagwe na chai, mara watu 28: 2,800. Shukrani ya siku tatu, mitaa yote, imeisha mezani kwa mama yako, zimebaki 200. Na huo ni ukarimu kama alikuwa alipwe. Kama alitarajiwa kupika "kwa upendo", basi mama wa Mathare anafadhili kiamsha kinywa cha watoto wa Lavington, na atakuwa amewanyima vibarua wake sufuria ya asubuhi, na Jumatatu watakwenda kibanda kingine.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji apone kwa mgeni. Kwa hesabu hii anaugua. Ondoa mpiga picha, maana aliyekwenda hija na kamera ya kukodi ameshajua atakachokiona. Ondoa fulana. Hapo una 38,200 mkononi. Lipeni kila anayewapikia, kila anayewaongoza, kila anayewapa saa zake kuongea, bei ya kawaida na bila bahasha ya kukabidhiwa mbele ya watu. Basi mliache kama kuna wagonjwa. Kama hakuna, pandeni matatu mkichoka, kama wenyeji.

Wahenga haohao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hija yenu ni siku tatu. Jumapili asubuhi waulizeni waliowalaza ni jembe gani. Wasipowapa, msilazimishe, kuna vikundi vinavyokwenda kuzibua mtaro mmoja kwa nusu saa ili wapate picha, na wenyeji wanabaki na uchafu umewekwa kando ya njia. Na pale Dandora, mkifika ng'ambo ya jaa, msipange mstari ukingoni kuwakodolea macho wanaochambua taka. Ni watu walio kazini. Jaa lile lilifunguliwa 1975 na likatangazwa limejaa mwaka 2001, na takataka za majumbani kwenu bado zinamwagwa huko. Msalieni hilo la mwisho.

Kitu kimoja kinanikera zaidi ya fulana, na hiki kimekera vizazi kabla yenu. Katika vituo 11, vinane viko mahali haki ilikosekana na vitatu viko makanisani. Hakuna hata kimoja kwenye mlango wa aliyeikosesha. City Hall iko njiani kwenu Ijumaa, mnaipita. Hija ya haki isiyopita kwenye ofisi yoyote ni kama kumtembelea mgonjwa kila wiki na kumsalimia vizuri aliyemwekea sumu. Na tukisema ukweli wote, nyumba nyingi za mabati kule si za wanaolala ndani yake. Zina wenyewe, wanaokaa mbali, wanaotuma mtu kuchukua kodi. Sitashangaa mmoja wao akiwa anakaa safu ya tatu kutoka mbele kanisani kwenu, na anatoa fungu la kumi vizuri sana. Kwa hiyo kituo cha kwanza kiwe kwenu. Ijumaa alfajiri, kabla ya All Saints', simameni kwenye kanisa lenu wenyewe na muulizane: hapa ndani nani ana ploti, nani anaajiri mama wa kufua na anamlipa ngapi kwa siku, maji yetu yanatoka wapi. Mkiweza kumaliza kituo hicho bila kugombana, hivyo vingine ni rahisi.

Sasa wewe mwenyewe.

Mahali ulipozaliwa ni pako. Hakuna andiko linalokudai ulitangaze, na woga wako wa maikrofoni una macho. Nimewaona vijana waliotoa ushuhuda mmoja wakiwa na miaka 20 wakaitwa kuurudia mpaka wakawa hawana jina lingine. Lakini kuna tofauti kati ya kunyamaza na kukaa kwenye kamati inayomjadili mama yako kama kituo ukiwa umenyamaza. Hilo la pili litakula moyo wako. Kwa hiyo mwambie mtu mmoja tu, mchungaji wako wa vijana, faragha. Umesema ni mtu mwema. Basi hapa ndipo wema wake utapimwa. Mpe masharti: picha zote za watu walizopiga bila ruhusa ziondolewe, si ya mama peke yake, na yeye ndiye aliambie kundi kwa jina lake kwamba maneno yale chini ya picha yalikuwa makosa. Jina lako lisitajwe. Akianza kusema jinsi hadithi yako itakavyowagusa wengi, mshukuru kwa muda wake uinuke.

Wengine wakijua, wajue kwa njia ya kawaida. Mama akikubali wageni waje, siku ya kiamsha kinywa usifike na kundi. Tangulia usiku, lala kwa mama, amka naye hiyo saa tisa, uchambue maharagwe na kusukuma chapati kama zamani. Kundi likifika likukute upande wa sufuria, umejifunga leso, unapakua. Utaona nani anashtuka, nani anakusalimia, nani anamsalimia mama kwanza. Wakiuliza, jibu: "Huyu ni mama." Akitokea wa kukupa maikrofoni mwambie chai inapoa.

Na huyo mama anayeuliza mnaimba nyimbo gani: mwalike Jumapili ya ibada ya kufunga, na baada ya hapo Jumapili ya kawaida isiyo na hija. Aketi popote anapotaka. Wale mama wa 1992 hawakutembelewa na kanisa, wao ndio walioingia ndani yake wakakaa, na kanisa likalazimika kuishi nao, na kelele zao, na polisi mlangoni. Ninyi mmepanga kwenda kulala kwao usiku mmoja. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba wao watakuja kulala kwenu.

Siku zako ni chache, kwa hiyo: Jumapili hii baada ya ibada, kwa mama. Jumatatu jioni, mchungaji. Jumanne kikao, na uende na bajeti mpya umeshaiandika, kwa sababu kamati hubishana na maneno lakini haibishani sana na tarakimu. Kuhusu fulana, mpigie mchapishaji leo umwambie asubiri. Kama ni wa River Road ninaowajua mimi, kazi ya Jumatano alikuwa hajapanga kuianza kabla ya Ijumaa.

Shangazi